Kura za maoni Marekani: watu humdanganya mhoji?

Mkuu, umeuliza kama Wamarekani weupe humficha mhoji kuwa hawamtaki mgombea mweusi. Hofu hiyo ilianza 1982: Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles, alikuwa mbele kwenye kura za maoni (watu wakihojiwa kabla ya uchaguzi) za ugavana wa California, akaja kushindwa na mpinzani wake mweupe, George Deukmejian, kwa pengo dogo. Ila kura za posta nazo zilimuumiza, kwa hiyo usiubebeshe ubaguzi mzigo wote. Obama 2008 hakuangushwa hivyo.

Aibu mbele ya mgeni, hiyo naijua. Niliwahi kuzunguka na dodoso Tandahimba. Mzee mmoja alisifia kila kitu, nilipofunga daftari akanivuta chini ya mkorosho: “Haya mjukuu wangu, sasa tuongee.”