Kabla hujasubu chubwi za risasi, jifunze vumbi lake

Wengi wanaoniuliza namna ya kusubu chubwi, yaani kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu yawe vizito vya kuzamisha mshipi au wavu, huanza na moto: nitumie mkaa au gesi, kalibu nichonge ya chuma au ya alumini? Nitafika huko. Lakini kwanza vumbi. Moto unajionyesha, na hakuna anayehitaji kuambiwa auogope. Vumbi la risasi linapanda kwenye pindo la suruali, linafika nyumbani, linashuka mkekani, na wa kwanza kulilamba ni mtoto anayetambaa.

Madini ya risasi yanayeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Sentigredi. Kwenye joto la kawaida la kumimina, mvuke wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Hatari kubwa iko kwenye ganda la kijivu linaloelea juu: ukilikwangua likapoa, linageuka unga laini unaoruka kwa pumzi tu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hunyonya mara 4 hadi 5 ya anachonyonya mtu mzima kutoka chanzo kilekile, na madhara kwenye ubongo wake hayarudi nyuma. Kwa mtu mzima inagusa figo na shinikizo la damu, kisha inajificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mama mjamzito asikae karibu kabisa na kazi hii.

Ndiyo maana sinunui risasi ya betri hata ikiwa nusu bei. Betri ina asidi, ina chumvi za risasi zinazogeuka vumbi, na madini yaliyochanganywa humo yanaweza kutoa gesi ya sumu. Huko Thiaroye, pembeni ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwaka 2007 na 2008 kutokana na watu kuchakata betri chakavu uswahilini kwao. Karibu zaidi nasi ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwekwa jirani na makazi ya watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fidia haikumponya mtu.

Mimi natumia vile vyuma vidogo vya kubalansi magurudumu. Kwa mafundi tairi wa Mbeya, kuanzia Uyole hadi njia ya Tunduma, havikosekani. Ila uvichambue kwa mkono, kimoja kimoja. Ulaya ilianza kuzuia vya risasi kwenye magari mapya mwaka 2005, kwa hiyo siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Vingine vimeandikwa Pb (risasi), Zn (zinki) au Fe (chuma). Visivyoandikwa, vibane kwa koleo: risasi inakubali meno ya koleo, zinki inakataa. Ukikiangusha sakafuni, cha zinki kinalia na cha risasi kinatoa kishindo kizito. Zinki inayeyuka karibu na nyuzi 420, hivyo ukiweka moto wa wastani vipande vilivyokuponyoka vitaelea pamoja na vibanio vya chuma, uviopoe. Ukizidisha moto zinaungana, na hapo mchanganyiko unakuwa mzito kama uji, haujazi kalibu.

Sasa moto wenyewe. Mkaa au jiko la gesi, vyote vinafaa. Gesi ni rahisi kupunguza. Chombo kiwe cha chuma kinene. Sufuria ya alumini usiithubutu, maana mkaa unaopulizwa unaweza kuitoboa na mzigo wote ukamwagikia miguuni. Fanya kazi nje, mbali na nyumba na kisima, upepo ukikupiga mgongoni. Vaa buti, suruali iliyoshuka juu ya buti, glovu za ngozi, miwani, na barakoa ya chujio. Ile ya kitambaa haizuii vumbi hili.

Adui mwingine ni maji, na kwetu kusini hili si dogo. Kyela inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kila kitu kule kina unyevu. Tone likizama chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke unaotanuka zaidi ya mara 1,000, na kinachorushwa ni risasi ya moto, kinaelekea usoni. Kwa hiyo vyuma vyote viingie chomboni kabla hujawasha. Ukitaka kuongeza, vianike kwanza ukingoni mwa jiko hadi vikauke kabisa. Kalibu na upawa vipashwe pia. Mawingu yakianza kukusanyika, zima, wateja watasubiri.

Kusafisha, natumia maranda makavu ya msonobari, yale yanayozagaa kwenye viwanda vya mbao Mafinga. Nyunyiza juu, yaache yaungue hadi yawe mkaa, koroga, kisha engua ganda. Utomvu wake unasaidia kurudisha madini yaliyokwama kwenye ganda. Nta ya nyuki nayo inafaa ila inawaka ghafla. Kijiti cha msonobari kinatosha kupima joto kama huna kipimajoto: kikigeuka kahawia polepole, mimina, kikishika moto, punguza.

Chubwi ikishapoa, ipakwe. Mvuvi anaishika kutwa nzima, wengine wanaibana kwa meno kwenye mshipi, kisha mkono uleule unachota ugali. Rangi ya kawaida inabanduka upesi. Inayodumu ni rangi ya unga, ile ya kuokwa. Mbinu hii imekuzwa sana na wapiga shabaha wa Marekani, wanaopaka vichwa vya risasi za bastola wanavyosubu wenyewe ili madini yasiachwe ndani ya mtutu. Wavuvi wa huko nao wanapaka unga huohuo kwenye zana zao. Mimi nimechukua upande wa uvuvi tu. Risasi za silaha hapa kwetu ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na karakana ya nyuma ya nyumba si mahali pake.

Njia ya kwanza ya kupaka ni kutikisa chubwi pamoja na unga ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, hadi unga ung'ang'anie kwa umeme tuli. Mbeya mjini, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu na baridi, inashika vizuri sana. Ipeleke Kyela wakati wa mvua uone: unga unateleza tu. Kwa huko tumia njia ya pili. Pasha chubwi moto, ishike kwa waya, itumbukize kwenye unga kwa sekunde moja au mbili, itoe, itundike. Kwa njia yoyote, zioke nyuzi 200 kwa dakika 20 hivi, au kama maelezo ya unga yanavyosema. Joto hilo haliyeyushi chubwi. Oveni iwe ya kazi hii peke yake, isirudi jikoni kamwe, na ikae nje.

Jaribu moja kabla hujauza. Isugue kwa kitambaa chenye asetoni. Rangi ikitoka, haijaiva. Igonge kwa nyundo hadi ibonyee. Rangi ikibanduka vipande, chubwi ilikuwa na mafuta au unga ulikuwa mwingi mno.

Rangi inamlinda mtumiaji. Wewe uliyesubu hujalindwa na kitu ila usafi wako. Usile, usivute sigara pale kazini. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote, oga, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Sakafu deki, usifagie. Ganda uliloliengua liwekwe kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, mbali na watoto. Ukilimwaga shambani au kando ya mto Kiwira, linashuka hadi Ziwa Nyasa.

Na kabla ya yote, jiulize kama unahitaji risasi. Uingereza ilizuia kuuza chubwi nyingi ndogo za risasi tangu 1987, kwa sababu bata maji walikuwa wanazimeza na kufa. Kwa nyavu za kutega, vipande vya nondo vinatosha: kwa uzito uleule vinakuwa vikubwa karibu mara moja na nusu, na wavu haujali. Risasi mimi nawawekea wavuvi wa mshipi wa Matema, ambako milima ya Livingstone inazama moja kwa moja ziwani na chubwi lazima ishuke upesi. Mwingine yeyote akija namuonyesha nondo kwanza.