Maswali ya Wasomaji: Ukungu Ndani ya Boti Iliyofunikwa Gubigubi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki boti ya faiba yenye urefu wa mita saba na kibanda kidogo, ambayo wakati wa kiangazi hubeba wageni kwenda Gombe. Mvua zilipoanza mwezi Novemba niliipandisha nchi kavu, nikaifunika gubigubi kwa turubai jipya la plastiki na kulikaza kwa kamba pande zote. Nilipoifunua mwishoni mwa Januari nilikuta magodoro yametapakaa ukungu, majaketi ya kujiokolea yananuka, na sakafu ya plaiwudi inabonyea nikiikanyaga, ingawa turubai halijatoboka hata mahali pamoja. Kijana wangu sasa huwasha jiko la mkaa ndani ya kibanda kila jioni ili kukausha. Rafiki yangu aliyeko Ujerumani ananishauri ninunue chumvi ya kunyonya unyevu na kufuata taratibu za huko za kuhifadhi boti wakati wa baridi. Je, maji haya yameingilia wapi, na nifanye nini?
Msomaji, Katonga, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya jambo lingine lolote, mwambie kijana asiliwashe tena jiko hilo, na nakuomba umwambie leo hii. Mkaa unaowaka mahali pafinyu hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyeketi kibandani anaweza kuishiwa nguvu kabla hajatambua kwamba yumo hatarini. Stovu ya mafuta ya taa nayo haifai, kwa kuwa kila lita ya mafuta inayoungua hutoa takriban lita nzima ya maji katika hali ya mvuke, na mvuke huo ndio unaojaribu kuufukuza.

Maji uliyoyakuta hayakupenya kwenye turubai, bali yalikuwa ndani tangu siku ulipofunga: katika magodoro, katika kamba, katika maji machache yaliyobaki kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti, chini ya sakafu, na katika ardhi mbichi iliyokuwa ikifuka mvuke chini ya boti. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 inaweza kubeba hadi gramu 30 za mvuke, lakini ikipoa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi, na kinachozidi hugeuka matone. Ukipitisha kiganja upande wa ndani wa turubai alfajiri utakitoa kikiwa kimelowa chepechepe. Jua likichomoza matone hayo hugeuka mvuke tena, usiku hurudi kuwa maji, na kwa kuwa hayana pa kutokea, huzunguka humo humo kwa miezi mitatu huku ukungu ukistawi.

Turubai lako ni zuri. Jinsi ulivyolifunga ndiko kulikoharibu. Simamisha nguzo mbili, moja mbele na moja nyuma, ulaze mwanzi mrefu juu yake, kisha utandike turubai mfano wa paa la nyumba, likining'inia kando bila kugusa boti, huku ncha zote mbili zikiachwa wazi ili upepo wa ziwani upite. Mlango wa kibanda uache wazi, ukitundika chandarua kuzuia nyigu. Inua vibao vya sakafu, fungua kila kabati, na magodoro, majaketi na kamba vyote vihamie nyumbani. Boti ikae juu ya magogo, omo (sehemu ya mbele) ikiwa juu kuliko tezi (sehemu ya nyuma), na kizibo cha ngama kiwe kimetolewa, kwa maana mvua ya milimita 10 tu ikinyesha juu ya eneo la mita 12 za mraba humwaga lita 120, sawa na kilo 120. Na kwa jinsi ziwa lilivyopanda miaka ya karibuni, usiiweke karibu na maji kwa mazoea ya zamani.

Ukungu uliopo ufute kwa kitambaa kilicholoweshwa siki, na usichanganye siki na jiki hata kidogo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Rafiki yako anasema kweli kwa mahali alipo. Ujerumani maji huganda, na yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua injini, ndiyo maana huko huyamwaga yote kabla ya baridi. Kigoma hatari hiyo haipo. Chumvi ya kunyonya unyevu husaidia ndani ya sanduku lililofungwa, kwa mfano la redio na taa, lakini katika boti inayopitisha hewa ni sawa na kuteka ziwa kwa kijiko, na maji yake ya chumvi yakimwagikia chuma hukila.

Kuhusu mashine ya boti, historia ya ziwa letu la Tanganyika inatosha kutufunza. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli ambayo leo tunaiita Liemba karibu na mlango wa mto Malagarasi, kwanza walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini. Nawe basi simamisha mashine wima ili maji yatoke yote, paka grisi sehemu za chuma zilizo wazi, na ubadilishe mafuta ya gia. Yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yamepenya na sili, yaani kizuizi cha maji, inahitaji kubadilishwa.

Imebaki sakafu. Ichome kwa ncha ya bisibisi kila baada ya kiganja kimoja, na pale inapozama bila kusukumwa uweke alama ya chaki. Fundi anaweza kukushauri uifunike kwa faiba mpya mara moja, lakini mbao mbichi ikizibwa huendelea kuoza chini kwa chini. Kata sehemu zilizooza, acha zilizobaki zipigwe upepo hadi Juni au Julai, ndipo ubandike plaiwudi mpya.