Usiiamini ditekta kwa sababu tu taa yake inawaka

Nyie mnaoanza kazi ya mifumo ya moto, kitu cha kwanza msikiamini kile kijitaa cha ditekta, kifaa cha kugundua moshi au joto, kinachowaka na kuzima kule darini. Kile kinakwambia ditekta ina umeme na inaongea na paneli, lile boksi kuu linaloongoza mfumo, basi, hakikwambii kama moshi ukija utaingia ndani. Unaweza kuikuta mafundi rangi wameipaka mpaka vitundu vya pembeni vimeziba, au bado ina ule mfuniko wa plastiki wa kuzuia vumbi la ujenzi na watu walishahamia zamani, na paneli haina habari kabisa.

Ukipata ditekta ya moshi ya zamani, ile inayotumia mwanga, ambayo imeshatolewa, ifungue uiangalie, utajifunza kuliko kusoma. Ndani kuna kijumba cheusi chenye kuta za kupindapinda, huku taa ya infraredi huku jicho, vimekaa makusudi visionane. Moshi ukiingia ndo unatawanya mwanga mpaka jicho linauona. Sasa iliyokaa sana utakuta vumbi la kijivu limeganda mule kama sufi, pengine na buibui kashajenga, na vumbi nalo linatawanya mwanga vilevile, ndo maana ditekta zee inapiga kelele usiku na hakuna anayechoma kitu. Vumbi likiziba wavu wa nje inakuwa kinyume, inachelewa au inakaa kimya. Hiyo ya kimya ndo ya kuogopa maana ya kelele mwenye jengo atakupigia simu mwenyewe.

Paneli nyingi za kisasa, zile zinazoijua kila ditekta kwa anwani yake, zinafidia uchafu kidogo kidogo mpaka zinafika mwisho afu zinaleta ujumbe kwamba ditekta fulani ni chafu. Usiubonyeze upotee ukaondoka zako.

Kupima, pima kwa moshi wa kopo maalum. Sio karatasi ya kuchoma, masizi yanabaki ndani, na sumaku nayo inaamsha saketi tu, haikuonyeshi kama moshi unapita. Ditekta za joto zina kifaa chake cha kupuliza hewa ya moto, kiberiti kitayeyusha plastiki. Ila kabla hujagusa chochote waambie watu wa jengo, zuia lifti na milango isifuate kengele, na kama kuna gesi ya kuzimia moto hiyo ifungie kabisa kwanza, hapo hakuna mzaha. Ukimaliza rudisha vyote uangalie paneli haijabaki na taa ya kitu kilichozimwa.

Kuhusu umri, geuza nyuma usome tarehe ya kutengenezwa, hesabu inaanzia hapo sio siku ilipofungwa. Zile za majumbani zenye kengele yake humohumo, NFPA 72, kanuni ya Marekani ya kengele za moto, inasema miaka 10 toka kutengenezwa, zitolewe hata kama zinalia vizuri. Za mfumo mkubwa unafuata mtengenezaji na majibu ya vipimo.

Kubadilisha sasa, kuna wanaodhani kichwa, yaani ditekta yenyewe, kikiingia kwenye besi, kile kitako kilichofungwa darini, kazi imeisha. Hapana, kinaweza kuingia vizuri na kisielewane na paneli, kwahiyo linganisha modeli kwanza. Na za ioni, zile za moshi zinazotumia mionzi badala ya mwanga, usifungue kabisa wala usitupe kwenye taka, ndani kuna amerisiamu-241, mionzi yake inachukua kama miaka 432 kupungua nusu, zinarudishwa kwa utaratibu wake.

Afu fanyeni wawili, mmoja na mti mrefu wa kupimia wa kufikia ditekta, mmoja kwenye paneli anasoma kwa redio kilichoandikwa. Ofisi zinagawanywa kuta zinahama, ditekta iliyoandikwa stoo sasa iko chumba cha mikutano, na wazima moto watakimbilia stoo. Jina hilo lirekebishwe kabla hamjafunga boksi la vifaa.