Eti Epicurus alisema tule bata?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mi mkulima wa korosho huku Newala, kila malipo ya mnada yakiingia washkaji wananiambia kula bata bana maisha mafupi, na mmoja aliyesoma chuo anadai hata Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema raha ndo lengo la maisha. Mwingine ananiambia niwafuate Wastoa, wanafalsafa wengine wa kale, nisitamani kitu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Huyo msomi wako kachanganya watu. Raha ya mwili, ya sasa hivi, hiyo ilikuwa ya mwanafalsafa mwingine, Aristippus wa Cyrene (ndo hiyo Libya ya leo), na hata yeye alitaka mtu aitawale raha, isimtawale.

Epicurus (341–270 KK) alisema raha kweli, ila kwake raha kubwa ni mwili usiumwe na moyo utulie. Kule Athens alikuwa na bustani yake anakaa na marafiki, wanawake na watumwa nao ruksa, msosi wenyewe mara nyingi mkate na maji, na kuna barua anaomba atumiwe kijungu cha jibini ili siku akijisikia afanye karamu. Karamu ya jibini! Tamaa kama ya chakula na mavazi alisema ni za lazima, msosi mtamu ni wa asili ila si lazima, halafu kuna za sifa na utajiri ambazo hazishibi hata upewe nini. Ukitaka pikipiki ya pili, we mwenyewe unajua inakaa kundi gani.

Wastoa nao wanasingiziwa. Hela kwao si dhambi, ila haikufanyi mtu mwema, na mwenzao Epictetus aliyewahi kuwa mtumwa alikazania utofautishe kilicho chini yako na kisicho chini yako, yaani kupuliza salfa kwa wakati ni juu yako, bei ya mnada sio. Pyrrho, Mgiriki mwingine aliyetilia shaka kila kitu, yeye alisema usiamue kabisa lipi zuri lipi baya, utatulia tu, ila mwenye deni la pembejeo simshauri.

Mi kwa hela ya msimu nampa Epicurus, maana hakukatazi raha, anakuuliza tu usumbufu utakaofuata ukoje. Na alisema kabla ya kuangalia unakula nini angalia unakula na nani, kwa hiyo kuchinja mbuzi na washkaji siku ya malipo sawa kabisa, ila bili ya baa wiki nzima unalipa peke yako, hiyo usimsingizie Epicurus.