Kabla Hujauita Mtaa Wako Ngome, Hesabu Waliobaki Nyumbani

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nawajua majirani zangu. Ungeniuliza mtaa wetu ni wa chama gani, ningekujibu papo hapo. Bendera nilizoziona na mabishano niliyoyasikia kila jioni vilikuwa vya upande mmoja. Kisha usiku mmoja wa uchaguzi nikasimama nje ya kituo chetu hadi matokeo yakabandikwa mlangoni, nikayanakili kwa mwanga wa simu. Chama nilichokitaja kila siku kilishinda kweli. Kilichoninyima usingizi ni mstari wa juu wa ile karatasi, ambao wengi huuruka: idadi ya walioandikishwa. Waliopiga kura hawakufika nusu yao.

Fanya hesabu hii taratibu. Kituo kina watu 1,000 walioandikishwa. Wamekuja 420, na mshindi kapata kura 240. Atatangazwa kuwa na asilimia 57, na ni haki yake. Lakini katika wale 1,000, waliomchagua ni 240 tu, na 580 hawakuonekana kabisa. Kwa hiyo kundi kubwa kuliko yote pale mtaani si la mshindi wala la mpinzani wake. Na bado hujawagusa wasiojiandikisha, wala majina ya marehemu na waliohama ambayo hubaki daftarini na kuishusha asilimia isivyostahili. Ndiyo maana siku hizi mtu akinitajia asilimia ya waliojitokeza, namuuliza kwanza: asilimia ya akina nani, walioandikishwa au watu wazima wote?

Ukishapata takwimu za vituo, jihadhari na kosa lililonipoteza kwa muda mrefu. Nilikuwa naona kituo chenye wapangaji wengi kimeelemea chama fulani, basi nahitimisha kuwa wapangaji ndio wa chama hicho. Mwaka 1950 mwanasosholojia Mmarekani, W. S. Robinson, alionyesha hatari ya kufikiri hivyo. Katika sensa ya Marekani ya 1930, majimbo yenye wahamiaji wengi wa kigeni ndiyo yaliyokuwa na wasomaji wengi zaidi, ilhali wahamiaji wenyewe, mmoja mmoja, walikuwa nyuma ya wenyeji katika kusoma na kuandika. Walikuwa wamehamia tu mahali ambapo wenyeji walisoma zaidi. Kura ni hivyo hivyo: karatasi ya kituo inakueleza kituo, haikuelezi aliyeishi mlango wa tatu. Ukitaka kumjua huyo, nenda ukabishe hodi.

Nilikwenda. Mwanzoni nilikwenda vibaya, nikianza na sera na jina la mgombea. Mama mmoja mtu mzima alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, kila anayepita hapa ananiambia nimpigie nani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nakijua kituo changu." Hakuwa akikijua. Mara ya mwisho alikuwa amefika kituo cha zamani, akaambiwa jina lake halimo, akaelekezwa kwingine. Miguu ikamshinda, akarudi nyumbani. Mimi kwa miaka yote nilikuwa nimemweka katika fungu la "wasiojali siasa". Neno hilo nimeliacha tangu siku hiyo, nami nakuomba uliache, kwa sababu linafunga mazungumzo kabla hujayaanza.

Nilipoanza kusoma tafiti nikakuta wengine walishayapima haya. Mwaka 1998, huko New Haven nchini Marekani, Alan Gerber na Donald Green waliwagawa wapiga kura kwa bahati nasibu: wengine walitembelewa nyumbani, wengine walipelekewa barua, wengine walipigiwa simu. Kutembelewa ana kwa ana kuliongeza kura waziwazi, barua ziliongeza kidogo, na simu hazikusaidia. Muongo mmoja baadaye, David Nickerson na Todd Rogers waliwapigia simu watu wa Pennsylvania, jimbo la Marekani, kabla ya uchaguzi wa mchujo wa 2008, ule wa kuwapata wagombea wa vyama. Walioulizwa wataenda kituoni saa ngapi, watatokea wapi, na kabla ya hapo watakuwa wakifanya nini, walijitokeza zaidi. Kwa hiyo kama simu ndiyo njia pekee uliyo nayo, itumie kuuliza maswali hayo. Mtu akijibu kwa mdomo wake mwenyewe kwamba atapita akitoka kazini, saa kumi, ameshaipanga siku yake.

Kuna njia nyingine yenye nguvu ambayo sikushauri. Mwaka 2006, katika jimbo la Michigan, huko huko Marekani, kaya zilizopelekewa barua inayoonyesha nani katika majirani alipiga kura na nani hakupiga zilijitokeza kwa karibu asilimia 38, wakati wale ambao hawakupelekewa chochote walikuwa asilimia 30 hivi. Ilifanya kazi, lakini kwa kumwaibisha mtu mbele ya jirani zake. Wewe unaishi hapo, na kesho yake utakutana naye njiani.

Orodha yangu ya sasa haina safu ya chama. Ina jina, kituo, kama jina limehakikiwa daftarini, na saa aliyosema atakwenda. Wanaohama nyumba nawatangulia, kwa sababu anayehama husahau kuhamisha taarifa zake mpaka siku ya kura imwumbue. Wagonjwa na wazee nawauliza mapema nani atawasindikiza. Na hata nikijua fika kwamba nyumba fulani haipigi kura kama mimi, naibishia hodi. Hili limenigharimu lawama kwa wenzangu wa chama, nami silijutii hata kidogo.

Siku yenyewe, jitihada zako ziweke katika saa mbili za mwisho kabla kituo hakijafungwa. Asubuhi wanakuja wale ambao wangekuja tu. Alasiri ndipo ninapochukua orodha na kurudi kwenye milango ambayo haikuitika. Yule mama nilimpitia alasiri ya namna hiyo. Nilimkuta ameshavaa viatu, kitambulisho mkononi, amekaa karibu na mlango ananisubiri.