Wazee Watatu wa Orem na Makwotabeki wa Provo

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee mjini Orem, Utah. Wapo watatu ambao kila siku baada ya chakula cha mchana hugombana kuhusu makwotabeki wa zamani wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, hapo jirani Provo. Wa kwanza haambiwi kitu kuhusu Jim McMahon. Wa pili wake ni Steve Young, na akibanwa sana anakimbilia kwa Ty Detmer. Wa tatu hagombani na mtu. Anatazama dirishani, mara mojamoja anatamka "Sheide," kisha kimya. Juzi wakanigeukia: "Binti, wewe amua." Mpira wenyewe hata sheria zake sizijui. Nimtaje nani ili mlo wa kesho uishe kwa amani? – Msomaji, Orem

JIBU: Marahaba, mwanangu. Amani usiitegemee. Hao wazee wakipatana watafanya nini mpaka saa ya chai?

Provo naijua. Nilifika 1989 kusoma, na jioni nilikuwa nadeki korido za ofisi na mzee mmoja wa mji huo. Yeye alikuwa anashika ndoo, mimi ufagio, na midomo yetu wote ilikuwa kwenye mpira. Mengi ya kabla ya 1989 niliyasikia kwake kwanza, baadaye nikayatafuta kwenye magazeti ya zamani nikakuta mzee hakutia chumvi, au alitia kidogo tu.

Kwanza ujue wanachogombania. Kwotabeki ndiye anayepewa mpira karibu kila mchezo unapoanza. Ana kama sekunde tatu za kuamua autupe mbele, amkabidhi mwenzake, au akimbie nao mwenyewe, na wakati huohuo majitu ya kilo 120 yanamjia yamuangushe. Timu ikishinda anabebwa yeye. Ikifungwa, ni yeye pia.

Provo haikuwa na jina katika mchezo huu mpaka LaVell Edwards alipokuwa kocha mkuu mwaka 1972. Vyuo vikubwa wakati huo vilikuwa vya kukimbia na mpira. Edwards aliona hawezi kushindana nao kwa misuli, akaamua timu yake itatupa. (Kichekesho ni kwamba msimu wake wa kwanza kabisa mkimbiaji wake, Pete Van Valkenburg, ndiye aliyeongoza nchi nzima kwa yadi za kukimbia.) Alidumu mpaka 2000 akiwa na ushindi 257, na uwanja ukapewa jina lake. Ukimuona kwenye picha utadhani amefiwa. Hakuwa mtu wa kucheka uwanjani.

Sasa huyo McMahon. Mzee wako wa kwanza ana hoja, na hoja yake ina tarehe: 19 Desemba 1980, Holiday Bowl, mechi ya heshima ya baada ya msimu, San Diego, dhidi ya Chuo Kikuu cha Southern Methodist (SMU). Zimebaki dakika nne tu, Provo wako nyuma 45 kwa 25. Kocha anatuma kikosi cha kuupiga mpira kwa mguu, maana yake tumeshindwa, chukueni. McMahon akakataa. Alifoka pale kando ya uwanja mpaka kocha akaomba mapumziko na kubadili uamuzi. Mashabiki wengine walikuwa tayari wanatafuta magari yao. Wakapata pointi, wakapata nyingine, na zikiwa zimebaki sekunde 13 Bill Schoepflin akauzuia mpira wa SMU uliokuwa unapigwa kwa mguu. Pasi mbili zikapotea. Saa ikasoma sekunde tatu. McMahon akaurusha mbali, mpaka ndani ya eneo la mwisho, kwenye kundi la watu, na Clay Brown akaibuka nao katikati ya mikono ya wapinzani. Sare, 45 kwa 45. Kurt Gunther akapiga mkwaju wa pointi ya ziada. 46 kwa 45.

Mwenzangu wa ndoo alikuwa mmoja wa walioondoka mapema siku ile. Miaka tisa ilikuwa imepita na bado alikuwa hajamsamehe shemeji yake aliyekuwa na funguo za gari.

McMahon alipasia tachidauni 47 msimu ule, yaani pasi 47 zilizofikishwa eneo la mwisho la wapinzani. Lakini alikuwa Mkatoliki mkorofi katika chuo cha kanisa la Wamormoni chenye kanuni kali, na hawakuachana vizuri. Chuo kilikuja kumuingiza katika ukumbi wake wa heshima 2014, baada ya kumalizia shahada aliyoiacha. Kwa hiyo mzee wako akimtetea kwa hasira, ujue kuna miaka zaidi ya 30 ambayo chuo kilimnyima mtu wake heshima hiyo.

Young ni habari nyingine. Wa uzao wa Brigham Young mwenyewe, mtu wa mashoto, alifika akakuta yeye ni wa nane kwenye foleni ya makwotabeki. Ilifikiriwa ahamishiwe kwenye ulinzi. Akabaki, akakaa nyuma ya McMahon, na kufikia 1983 alikuwa anafikisha pasi 71 na ushei katika kila 100. Mechi yake ya mwisho, Holiday Bowl dhidi ya Missouri, aliimaliza kinyumenyume: alimkabidhi mpira Eddie Stinnett, Stinnett akamtupia yeye, na kwotabeki akakimbia nao mpaka ndani zikiwa zimebaki sekunde 23. Wakaibuka kidedea 21 kwa 17. Huyo ndiye aliyekuja kupasia tachidauni sita katika Super Bowl moja, fainali ya ligi ya kulipwa, Januari 1995. Lakini hilo usilitaje mezani. Wazee wa Provo hawapendi kijana wao apimwe kwa aliyoyafanya San Francisco.

Detmer nilimuona kwa macho yangu. Septemba 1990, Miami walikuja Provo wakiwa mabingwa na namba moja nchini. Nilikaa juu kabisa, milima ya Wasatch mgongoni, watu zaidi ya 60,000. Detmer alikuwa kijana mwembamba, ungemuona njiani ungedhani ni mpiga filimbi wa bendi ya chuo. Yadi 406, na Miami wakalala 28 kwa 21. Mwaka huohuo akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchini, ambayo McMahon na Young hawakuipata. Siku aliyotangazwa, timu ilikuwa Hawaii, na Hawaii wakawatandika 59 kwa 28. Mwezi huohuo Texas A&M wakawatandika 65 kwa 14 na kumuumiza mabega yote mawili. Mwaka 2016 alirudi kama kocha wa mashambulizi, na baada ya msimu wa 2017 wa ushindi minne na vipigo tisa akaondolewa. Ndiyo maana mzee wako wa pili humkimbilia Detmer akiwa amebanwa tu. Akianza naye, watamkumbusha hayo yote.

Umeniuliza umtaje nani. Mimi ningemtaja ambaye hakuna aliyemtaja: Robbie Bosco. Aliyekuwa nyuma ya Young, kama Young alivyokuwa nyuma ya McMahon. Mwaka 1984 timu haikupoteza mechi hata moja. Mwisho, Holiday Bowl dhidi ya Michigan, Bosco anaumizwa mguu robo ya kwanza na kutolewa. Akarudi anachechemea, hawezi hata kurudi nyuma hatua tatu, ikabidi asimame mbali na mstari apokee mpira kutoka huko. Robo ya mwisho walikuwa nyuma 17 kwa 10. Akasawazisha kwa pasi aliyomtupia Glen Kozlowski, kisha dakika za lala salama, imebaki dakika moja na sekunde 23, akamtafuta Kelly Smith. 24 kwa 17, mechi 13 bila kufungwa, namba moja Marekani nzima. Wengine walilalamika kwamba ratiba ya Provo ilikuwa nyepesi, na kweli Michigan ya mwaka ule haikuwa Michigan. Lakini ubingwa wa nchi ni huo mmoja tu, na si McMahon wala Young aliyeuleta. Kura za Heisman akawa wa tatu mwaka ule, na wa tatu tena mwaka uliofuata. Bega likamharibia maisha ya kulipwa, akarudi Provo akafundisha makwotabeki miaka mingi.

Ukisema "Bosco," wote wawili watanyamaza kidogo, halafu watakukubalia kwa shingo upande, halafu wataendelea walipoishia.

Lakini mimi ningeanzia kwa yule wa dirishani. Gary Sheide alicheza kabla ya hao wote. Mwaka 1974 walianza msimu vibaya mno, vipigo vitatu na sare moja, kisha wakashinda mechi saba mfululizo na kwenda kwenye Bowl ya kwanza katika historia ya chuo, Fiesta Bowl. Huko Sheide akaumia mapema, na Oklahoma State wakashinda 16 kwa 6. Wenzake wanabishana kuhusu miaka ambayo Provo ilikuwa imeshazoea kushinda. Yeye anamkumbuka aliyekuwepo watu walipokuwa bado hawaamini kwamba mpira wa kutupa unaweza kuwafikisha popote.

Kesho msogezee kiti karibu na wenzake, umuulize mbele yao wale waliofungwa mechi tatu za mwanzo walibadilika vipi. Uliza kisha ungoje, hata akikaa kimya dakika tano. Uniandikie alichosema.