Barua kwa mwanangu: Kabla hujavuka kwenda Unguja

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia, na swali lako nimelisoma mara mbili. Umeniuliza kama kuna faida yoyote ya kwenda Unguja kutafuta mahali palipozaa riwaya ya Kuli, ilhali mgomo wenyewe wa makuli wa bandarini, unaosimuliwa humo, ulikuwa mwaka 1948 na wenzako wanakwambia kwamba hutakuta kitu. Nenda, mwanangu, ila usiende kutafuta jengo.

Adam Shafi, mwandishi wa riwaya hiyo, alizaliwa mwaka 1940, kwa hiyo makuli wa bandarini walipoacha kazi mwezi Agosti wakidai ujira wa kukidhi maisha yaliyokwisha kupanda, na mgomo ukaenea mjini kwa wafanyakazi wengine mwezi uliofuata, yeye alikuwa mtoto mdogo tu. Kitabu kilitoka mwaka 1979. Kinasimulia habari za watu waliobeba mizigo, na watu wa namna hiyo hawakuachiwa kasri la kuonyesha wageni.

Boti ya Dar es Salaam itakushusha Malindi, bandarini penyewe. Abiria wengi hushuka wakakimbilia Forodhani, kwenye bustani ya ufukweni, wewe usikimbie. Nilipokwenda na marehemu baba yako, nilisimama nikamtazama mzee mmoja akitwikwa gunia la mchele. Alikuwa amechukua gunia tupu, akaingiza pembe moja ndani ya nyingine, likawa kama kofia yenye mkia, likamfunika kichwa na mgongo. Alivuta pumzi, akakaza taya, na goti lake la kulia likatetemeka kidogo kabla halijanyooka. Habari za Rashidi, yule kijana wa riwaya anayefuata kazi ya baba yake bandarini, nilikuwa nimezisoma zamani nikazipita upesi. Pale ndipo zilipoanza kuniuma.

Jioni, kazi zinapofungwa, toka hapo kwa miguu, upite Darajani, uvuke barabara kuu uingie Ng'ambo. Zamani kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari, nao ulikuwa na daraja. Maji yamefukiwa, jina la Darajani limebaki. Wengi wa makuli walikaa upande ule wa pili, wakija mjini kuchuma riziki na kurudi usiku umeingia, na kwa maoni yangu njia hiyo fupi inakieleza kitabu kuliko nyumba yoyote ya mawe. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na wageni wengi huishia humohumo. Watakuonyesha pia Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, jambo lililonihuzunisha sana. Litazame, kisha uendelee na safari yako ya Ng'ambo.

Nakuomba jambo moja kwa dhati: usimpige picha mtu aliyejitwika mzigo. Mikono yake yote imeshika gunia, hana mkono wa kukukatazia. Msubiri autue, umwamkie, umwombe ruhusa, na akikataa umshukuru.

Nakala yangu ya kitabu imo sandukuni, chini ya kanga za bibi yako. Jalada limeachana, kwa hiyo kifunge kwa uzi, kurasa zisije zikapeperuka boti ikianza kuyumba mkondoni.

Ni mimi mama yako.